Kibali cha Kurusha

Nchi inayosemwa humu haipo. Msomaji akidhani anaitambua, na aende akapimwe macho, kwa sababu nchi anayoidhania yeye ina ofisi zinazofunguliwa kwa wakati, na hii haina. Hii ni nchi nyingine kabisa, yenye bendera yake, vilima vyake vya mawe na Mtukufu wake, ambaye aliipenda nchi yake kiasi cha kukataa kumwachia mtu mwingine aipende.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo, kwenye mji wa machimbo ya kokoto uitwao Mawesaba, aliishi mzee mmoja jina lake Mwinchande. Alikuwa mlipuaji mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba, kushindilia baruti, kupuliza filimbi, kuwasha utambi, kisha kutimua mbio na kujibanza nyuma ya tingatinga bovu huku ameziba masikio na kufumba macho. Mwamba ukishapasuka alirudi na kukuta vumbi. Siku ya kustaafu alipewa saa ya ukutani na cheti chenye jina lililokosewa, na jioni hiyo akamwambia mkewe, Bi Tatu, neno lililomkaa moyoni miaka mingi. Alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kukiona kitu alichokiwasha yeye mwenyewe. Kila alichowasha alikikimbia.

Basi akaanza kutengeneza roketi.

Mtu asije akadhani ni zile za kwenda mwezini. Zilikuwa mirija ya karatasi za mifuko ya saruji, imeviringishwa kwa gundi ya uji wa muhogo, ikashindiliwa unga mweusi aliousaga mwenyewe kwa mazoea ya kazi, na kufungwa kila mmoja kwenye ufito mrefu ili usiende kombo. Alizitengenezea kwenye banda la nyuma, mbali na jiko, na mlangoni akaandika kwa chaki HATARI, ingawa aliyeingia humo alikuwa yeye peke yake na kuku mmoja asiyejua kusoma. Majirani walinong'ona kwamba mzee zimemruka. Bi Tatu aliwajibu kwamba wastaafu wengine hutengeneza watoto, heri wa kwake anatengeneza roketi.

Baada ya miaka miwili alikuwa na roketi kumi na moja zimelala kwenye rafu, na hakuwa amerusha hata moja. Sababu ni kwamba Mwinchande alikuwa mtu wa sheria. Mlipuaji anayepuuza sheria huonekana kwa vidole alivyobakiwa navyo, na yeye alikuwa navyo vyote. Bi Tatu alimshauri aende nyuma ya kilima, awashe, atazame, arudi ale chakula kikiwa cha moto. Mzee alikataa katakata. Alisema amekimbia miaka thelathini na moja, na siku atakapotazama hatatazama kwa kuibia. Atatazama mchana kweupe, amesimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayetazama shamba lake.

Kwa hiyo alihitaji kibali.

*

Alianzia kituo cha polisi. Koplo Mashauri, kijana mpole aliyekuwa akimenya chungwa juu ya kitabu cha matukio, alimsikiliza kwa heshima zote, akamweleza kwamba polisi hushughulika na vitu vilivyokwisha kulipuka. Kitu ambacho bado hakijalipuka hakina jalada. Alimshauri ama arudi kikishalipuka, au aende Idara ya Anga.

Idara ya Anga ilikuwa ghorofa ya chini. Mama mmoja mwenye miwani alimfungulia kitabu cha sheria, kitabu kinene chenye kurasa mbili zilizoandikwa, akamwonyesha kwamba sheria ya nchi inatambua vitu viwili tu viendavyo angani, yaani ndege ya Mtukufu na ungo. Ndege huombewa kibali, ungo huombewa dua. Mwinchande alieleza kwamba chombo chake si ndege wala si ungo.

"Kinabeba mtu?" akauliza yule mama.

"Hapana, mwanangu."

"Hata mtu asiyevaa nguo?"

"Hakibebi mtu wa aina yoyote."

Yule mama alifunga kitabu akamsikitikia. Ingekuwa ni ungo, alisema, angalau angejua amwelekeze wapi. Kisha akafikiri kidogo, akamuuliza hasa anataka kukifanya nini hicho chombo. Mzee akajibu kwamba anataka kukirusha. Uso wa yule mama ukakunjuka. Kurusha kuna idara yake, tena ina jengo zima, na alishangaa mzee mwenye busara kama huyu hakuanzia huko.

Sasa neno kurusha, kama ajuavyo kila mtu, lina watoto wengi. Mtu hurusha jiwe, hurusha ngumi, hurusha roho za wenzake kwa gauni jipya, na redio nayo hurusha matangazo. Idara ya Urushaji ya nchi ile ilikuwa imeanzishwa kwa ajili ya huyo mtoto wa mwisho, lakini kwenye kibao cha nje hawakuwa wamemtaja, kwa sababu rangi iliisha.

Afisa Vibali wa idara hiyo alikuwa Bwana Simbeye, kijana mnene mwenye kalamu nne mfukoni, aliyependa fomu kama wengine wanavyopenda nyama choma. Alikuwa na miezi saba hajapata mwombaji. Alimkaribisha Mwinchande kwenye kiti, akampa maji, akaanza kumjazia yeye mwenyewe. Alipouliza anataka kurusha nini, taarabu, mahubiri, mpira au mengineyo, mzee akasema mengineyo. Alipouliza masafa, mzee akasema futi mia nne, na hapo pia hapakuwa na mtu wa kulaumiwa, kwani masafa ni neno la watu wa redio na ni neno la watu wa safari. Simbeye aliandika mia nne. Akauliza urefu wa mnara.

"Ni ufito tu," akasema mzee, "unanifika kifuani."

"Mnara mfupi. Utarusha kwa muda gani kwa siku?"

"Sekunde nne. Tano, upepo ukitulia."

"Kituo kidogo," akasema Simbeye huku akiandika, na sauti yake haikuwa ya dharau, ilikuwa ya mtu anayetia moyo biashara changa. "Na wasikilizaji unawatarajia wangapi?"

Mzee alisema mke wake, na labda majirani watakaoshtuka. Simbeye alisema ukweli wa namna hiyo ni adimu, kwani vituo vyote vingine huandika milioni tatu. Akagonga muhuri mara tano, mara nne kwa sheria na mara moja kwa raha yake.

*

Kibali kilifika baada ya wiki sita, kimeandikwa kwa wino wa dhahabu. Mwinchande alikitia kwenye fremu ya picha ya harusi, picha ikakaa nyuma, na Bi Tatu akanuna siku mbili. Ilikuwa siku ya tatu, alipokuwa akikifuta vumbi, ndipo mzee alipokisoma mpaka chini.

Kifungu cha tisa kilisema kwamba kila mwenye kibali cha kurusha atalazimika kurusha hotuba ya Mtukufu, yote, bila kuikata wala kuifupisha, Jumamosi ya kwanza baada ya kupata kibali, saa nne kamili asubuhi. Atakayeshindwa, mitambo yake itachukuliwa, banda lake litafungwa, na yeye atapelekwa miezi sita kwenye Chuo cha Unyenyekevu. Chuo hicho kilikuwa na ukuta mrefu wenye seng'enge juu, na wanafunzi wake hawakuwa na likizo.

Mzee alirudi kwa Simbeye mbio mbio, akiwa na roketi moja kwenye mfuko wa rambo, ili aonyeshe kosa lilipo. Simbeye aliitazama roketi. Akaitazama fomu. Akaitazama tena roketi, akaelewa. Alinyanyuka akafunga mlango, akakaa karibu na mzee, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mzee wangu, kosa likishagongwa muhuri si kosa tena. Ni utaratibu. Nikisema leo nilikosea, basi idara imekosea. Idara ikikosea, wizara imekosea. Na wizara iko chini ya nani?"

Mzee aliutazama ukuta, alipotundikwa huyo mwenye wizara, akiwa ameshika jembe safi.

"Nina watoto watatu," akaongeza Simbeye. "Wewe rusha hotuba. Sheria haikusema uirushe kwa chombo gani."

*

Hotuba ililetwa Jumanne kwa gari la serikali. Ilikuwa kurasa tisini na sita, na mada yake ilikuwa Ufupi wa Maneno. Mwinchande aliipima kwenye mizani ya muuza maharage, ikawa sawa na kifaranga aliyekaribia kuwa kuku. Roketi zake ziliweza kubeba kiberiti, tena kikiwa nusu. Alikaa bandani siku nzima akichora na kufuta. Akijenga mrija mkubwa wa kubeba ule mzigo, mrija wenyewe nao unakuwa mzito, na mrija mzito unataka unga zaidi, na unga zaidi unataka mrija mkubwa zaidi. Alimweleza Bi Tatu haya yote wakati wa kula. Bi Tatu alikuwa ameishika hotuba mkononi, anaikunakuna kwa kidole gumba.

"Karatasi ya serikali hii ni ngumu," akasema. "Kushinda ya saruji. Kwa nini uibebe? Iviringishe."

Mzee aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe kama ndiyo kwanza anaolewa. Ni kweli kwamba hakuna kifungu kilichosema hotuba ikae ndani ya roketi. Hotuba yaweza kuwa roketi yenyewe. Akatoka na tonge mkononi, na usiku ule na kesho yake wakaviringisha wote wawili, ukurasa juu ya ukurasa, kuanzia Ndugu Wananchi hadi Ahsanteni kwa Kunisikiliza. Bi Tatu alipaka uji wa muhogo na mzee akakaza. Ukatoka mrija mnene kama mchi, mgumu, mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Ilikuwa roketi yake ya kumi na mbili, na alipoisimamisha kwenye ufito wake alijua, kama fundi ajuavyo, kwamba hii itakwenda.

Ijumaa alikuja Koplo Mashauri kumsomea taratibu za kesho, na hapo ndipo furaha ilipomwagika.

Nchi ile ilikuwa na Amri ya Inamo. Zamani, hotuba ya Mtukufu ilipokuwa ikirushwa sokoni, watu walisimama wakasikiliza, na katika kusikiliza wakatazamana, na wakitazamana wakacheka. Wataalamu waliteuliwa. Walifanya kazi miaka miwili wakagundua kwamba mtu hawezi kucheka na vidole vya miguu yake. Tangu hapo ikawa sheria kwamba hotuba ikiwa hewani, kila mtu popote alipo atasimama, atainamisha kichwa, na atatazama vidole vyake mpaka iishe. Kuinua macho ni miezi sita kwenye Chuo, bila faini.

"Hata mimi mwenye roketi?" akauliza Mwinchande.

"Hasa wewe, mzee wangu," akasema Koplo kwa huruma. "Wewe ndiye kituo."

Alipoondoka, mzee alikaa kwenye kizingiti cha banda. Hakuwa mtu wa machozi, lakini uchungu ulimpanda. Angepewa kila kitu, kibali, uwanja, mchana kweupe, roketi nzuri kuliko zote, na angekuwa anatazama ukucha wake wa kidole gumba, uliokufa tangu jiwe lilipouangukia. Bi Tatu alimletea chai akakaa kando yake. Hakumwambia ainame, hakumwambia asiiname. Alimwambia tu chai inapoa.

*

Jumamosi uwanja wa machimbo ulijaa. Waliletwa wanafunzi, wakaletwa wachuuzi, na walioletwa walikuta wengine wamekuja wenyewe, jambo lililowatia wakubwa wasiwasi. Kulikuwa na hema la wageni, viti vya kukodi vyenye vitambaa, na hakimu wa wilaya, mama mmoja mrefu asiyecheka, alikaa mstari wa mbele kwa sababu ya cheo chake. Upande wa pili, karibu na mashine ya kusagia kokoto, walikaa makarani. Nyuma ya uwanja, juu ya nguzo zake nne, lilisimama tangi la maji la mji, ambalo halijawahi kuwa na maji.

Mgeni rasmi alitoa hotuba kuhusu hotuba. Alisema nchi nyingine hurusha maneno ya viongozi wao kwa nyaya na vyuma, vitu vya kukopa, lakini leo Mawesaba inayarusha kwa ufito wetu wenyewe na muhogo wetu wenyewe. Alisema mengi na watu wakapiga makofi pale alipovuta pumzi. Mwinchande hakusikia. Alikuwa amepiga goti kwenye mchanga, anauweka ufito sawa, anaangalia upepo. Alishawasogeza watu hatua mia mbili, akawasogeza tena hamsini, na mgeni rasmi naye alisogezwa na kiti chake.

Saa nne kamili Simbeye alipanda juu ya sanduku.

"Inameni!"

Vichwa vyote vikashuka. Kuku wa mtaani wakasikika. Mwinchande aliwasha utambi, akageuka, akatembea hatua zake kwa hesabu, akasimama nyuma ya kinga ya mawe aliyoipanga mwenyewe, akainama kama wengine. Aliuona ukucha. Aliujua ukucha ule vizuri. Akasikia utambi ukichachatika, kisha ukanyamaza kwa ile nukta moja ambayo kila mlipuaji anaijua, na moyo wake ukamwambia wazi kwamba miezi sita ni miezi sita, itakuja na itapita.

Akainua kichwa.

Ilikuwa imeshatoka. Ilipanda kwa mlio wa kuchana kitambaa, na nyuma yake mkia wa moshi mweupe, mnene, unaonyooka kutoka kwenye mchanga. Haikuwa na haraka aliyoidhania. Ilipanda kama kitu kinachojua kwao. Ilipofika usawa wa tangi ikapinda kushoto kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, kisha ikajirudi na kuendelea, ndogo, ndogo zaidi, kama punje ya mchele kwenye samawati yote ile. Mwinchande hakuwatazama watu. Hakuwa na macho ya kuwagawia watu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta kwa sababu yangemchelewesha. Kisha huko juu ukasikika mlio mdogo wa pu, na kurasa zilizosalia zikaanza kushuka polepole, zimeungua kingo.

Hotuba ya Mtukufu ilikuwa hewani, na safari hii hata adui wa serikali asingeweza kubisha.

"Inukeni," akasema Simbeye.

Watu wakainuka wakijisugua shingo. Wengi walikuwa na tabasamu ambalo hawakutaka kulieleza. Mgeni rasmi alitangaza kwamba hotuba imefika pale ambapo hakuna hotuba iliyowahi kufika, na akaongeza kwamba ndiyo ya kwanza kumalizika huku watu wakitamani iendelee.

*

Jumatatu walimkamata. Barua ilikuwa imefika kituoni, haina jina, imetiwa sahihi na Raia Mwema, ikisema kwamba mwenye kituo aliinua macho hotuba ikiwa hewani. Koplo Mashauri alikwenda kumchukua akamruhusu anywe chai kwanza, kisha akammalizia yeye nusu ya pili.

Bi Tatu alimpelekea ugali mahabusu. Mzee alimwambia kwamba asihangaike kutafuta wakili, kwa maana alitazama, na hatasema hakutazama. Alisema anaogopa chuo kile, hasa magodoro yake, na kwamba anajuta kitu kimoja tu, kwamba Bi Tatu aliviringisha naye kurasa zote zile na hakuiona ikienda.

"Utakuja kunisimulia," akasema Bi Tatu, akaanza kufunga vyombo haraka haraka.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Hakimu aliingia, yule yule mama mrefu asiyecheka, watu wakasimama na kukaa. Mwendesha mashtaka, bwana mmoja mwenye tai ndefu kupita kiasi, alisoma kosa. Kisha akamwita Raia Mwema aje atoe ushahidi. Hakuna aliyesogea. Akamwita mara ya pili. Hakimu alimkumbusha kwamba mtu huyo, kama alimwona mzee akiinua macho, basi naye macho yake hayakuwa kwenye vidole, na pengine hilo limemfikia huko aliko. Mwendesha mashtaka alikohoa akamwita Koplo Mashauri.

Koplo aliapa kwamba yeye aliinama. Aliinama sana. Alimaliza kuhesabu matundu ya kamba za viatu vyake na yalikuwa ishirini na manne.

"Sasa ulijuaje kwamba mshtakiwa anatazama juu?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Nilimsikia, afande."

"Ulimsikia akitazama?"

"Alivuta pumzi kama mtu anayetazama."

Ukumbi ulinung'unika. Mwinchande, kizimbani, alimwonea huruma kijana huyu, akainua mkono kutaka kukiri yaishe, lakini hakimu alimwambia ashushe mkono na angojee zamu yake. Mwendesha mashtaka aliona kesi inamponyoka, akaamua kuinua sauti. Alisema mahakama ielewe uzito wa jambo hili. Hotuba ya Mtukufu ilikuwa inapanda mbinguni, wima, imenyooka, bila kupinda kulia wala kushoto, kama ulivyo msimamo wa Mtukufu mwenyewe, na katika saa hiyo tukufu mshtakiwa...

"Ilipinda kushoto, afande," akasema Koplo Mashauri.

Aliyasema kama mtu anayerekebisha hesabu, kwa wema kabisa. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, na mdomo ukabaki wazi.

"Kule si kupinda," akasema mwendesha mashtaka kwa hasira. "Ule ni upepo tu. Iliyumba."

Naye akajisikia alichosema. Aliishika tai yake kama kamba ya kisima.

Simbeye alikuwa ameketi benchi la pili akiwakilisha idara. Alijaribu kujizuia, ilionekana wazi kwamba anajaribu, lakini ni afisa wa urushaji na jambo lilikuwa la kitaalamu. Alisimama akasema kwa unyenyekevu kwamba ilipinda, tena ilipinda kabla haijafika kwenye tangi.

"Baada, mwanangu," ikasema sauti ya Bi Tatu kutoka nyuma. "Ilikuwa imeshalipita tangi. Kwani wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Hapo bwawa likabomoka. Mchuuzi wa karanga alisema mama anasema kweli, ilipita kwanza. Mwalimu mkuu alisema hapana, akasimama juu ya benchi akaonyesha kwa mkono jinsi ilivyokwenda, na watu kumi wengine wakainua mikono kuonyesha jinsi ilivyokwenda, ukumbi ukawa na roketi kila mahali, zingine zinapinda mapema, zingine zinachelewa. Kuna aliyesema pale juu kabisa ilimeta. Kuna aliyesema alilia, na hakujua kwa nini. Mwinchande aliwatazama kutoka kizimbani, mmoja baada ya mwingine, akamtazama mkewe ambaye sasa alikuwa amejifunika uso kwa kanga anacheka, na akapata furaha ya pili, ambayo hakuwa ameiombea kibali.

Hakimu aligonga nyundo mpaka mkono ukamchoka. Waliponyamaza, wote walikumbuka mahali walipo, na hofu ikawashukia kwa pamoja. Watu wakaanza kutafuta vidole vya miguu yao. Hakimu aliwaacha hivyo kwa muda. Aliandika kitu, akakifuta, akaondoa miwani.

"Mahakama imesikiliza kwa makini," akasema. "Imeridhika kwamba siku ile, saa nne asubuhi, katika uwanja mzima, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akimtazama mshtakiwa. Basi upande wa mashtaka hauna shahidi. Mzee, nenda nyumbani ukanywe chai. Na wewe karani, weka kumbukumbu vizuri, huko mbele isije ikaleta ubishi. Andika kwamba ilipinda baada ya kulipita tangi."

Akatoka bila kumtazama mtu.

Karani alikuwa mtu wa makamo aliyeandika alichoambiwa kwa miaka ishirini na mbili, na hata siku hiyo aliandika. Alingoja mlango wa hakimu ufungwe. Kisha akakata maneno baada ya kulipita tangi, akaandika juu yake kwa herufi ndogo, usawa wa tangi, kwa sababu yeye alikuwa amekaa upande wa mashine ya kokoto, na aliiona vizuri zaidi.